Mahali Walipozama Sili

Hapa maji yote ni baridi,
kwa hiyo jina hilo halinisaidii.
Nasema: matamu, na ya chumvi.
Matamu hushuka kutoka mgongoni mwa barafu kuu,
chini kwa chini, gizani, kati ya barafu na mwamba,
yakaibukia kwenye hori yakiwa na rangi ya saruji.

Kazi yangu ni kuyahesabu.
Hori zima nimelikata miraba ndani ya kompyuta,
kila mraba nimeupa joto lake, chumvi yake, upepo wake,
kisha naamuru: yeyuka.
Nao unayeyuka,
kwa utii ambao barafu yenyewe haina.

Maji yakimwagika hayazoleki, wamesema waliosema.
Mimi nayazoa kwa tarakimu,
Julai thelathini katika usiku mmoja,
na bado yapo yanayonipenya vidoleni:
mraba wa arobaini na moja.
Modeli inasema chumvi, juu hadi chini.
Kipimo tulichotia pale kilibebwa na siwa barafu,
hakuna wa kuibishia.

Nilifika Qaanaaq mwezi Machi, kompyuta begani.
Mjomba Uusaqqak alikuwa anapasua siwa dogo lililokwama ufukweni:
shoka, magunia, sleji,
mbwa wanane na mmoja kilema.
Hayo ndiyo maji ya chai.
Barafu kongwe ilipasuka sufuriani, ta, ta,
ikitoa pumzi ya enzi ambazo hazikutujua.
Arnaruluk, mkewe, akayachuja kwa kitambaa,
akaniuliza kama huko Nuuk bado tunakunywa bomba.

Nikamwonyesha mjomba hori lake kwenye kioo.
Akalitazama kama anavyotazama tundu la pumzi,
bila kupepesa, bila haraka.
Kisha akaweka kidole, kile kisicho na kucha,
juu ya arobaini na moja.
"Hapa umekosea."
Kwa nini?
"Sili wangu wamezama hapa."

Sili akipigwa risasi kwenye chumvi, chumvi humshika kwapani,
kama mtoto anayefundishwa kutembea.
Unapata muda wa kupiga kasia, wa kumtia chusa.
Kwenye maji matamu hakuna mikono.
Unafika, unakuta duara la damu
na kimya.

"Zamani alizama mmoja, Julai ikiisha. Siku hizi..."
Hakumaliza. Aliinuka, akaleta kalenda za dukani,
za miaka kumi na saba, zimefungwa kwa kamba ya viatu.
Kijistari: nimempata.
Kiduara: amekwenda.
Arnaruluk akasema, "Nilidhani vile viduara ni madeni."
"Ni madeni," akajibu.

Usiku ule nilinakili vyote.
Julai, kisha Juni, kisha hata Septemba,
viduara vikitoka ndani ya hori kuelekea bahari wazi,
mwaka kwa mwaka,
kama watu wanaohama bila mizigo.

Nikaiendesha modeli upya, ikavuma hadi alfajiri.
Arobaini na moja ukabadilika rangi:
mita nne za maji matamu
zimelala juu ya chumvi kama shuka.
Sikufurahi nilivyodhani ningefurahi.

"Sasa imejua?" mjomba akauliza.
Imejua.
"Na mwakani nipige wapi?"
Nikatazama kioo. Nikatazama dirisha.
Nikamwambia modeli inasema mbali zaidi.
"Mafuta ya mashua je, inayasema?"

Kwenye safu ya chanzo cha takwimu
niliandika jina lake,
na chini yake: sili hamsini na watatu,
hawakupatikana.

Arnaruluk akagonga sufuria kwa mwiko.
Maji yamekwisha, akasema,
nanyi mmekaa kuyazungumza.
Nikavaa glavu. Mjomba akanipa shoka,
mpini kwanza.